Naelewa mhadhara, nakwama kwenye mtihani: jibu kwa mwanafunzi wa uhandisi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili, uhandisi wa mitambo. Sikosi mihadhara, notsi zangu ni safi kiasi kwamba wenzangu huziazima, na usiku wa kuamkia mtihani silali. Nikitazama suluhisho la swali naelewa kila hatua, lakini nikipewa swali jipya nabaki kulikodolea macho. Muhula uliopita nilifeli mekanika, lile somo la nguvu na mwendo, na mtihani wa marudio ni baada ya wiki sita. Halafu kuna mradi wa kundi. Tuko watano. Nusu ya kazi niliifanya mimi, wawili hawakuonekana, na siku ya kuwasilisha vipande vyetu havikuingiana. Muhula huu tumepangwa tena watu walewale. Nisomeje, na niishije na kundi? Au pengine uhandisi si wangu?

Jibu:

Marahaba. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote nimesimama kwenye sentensi ileile: "Nikitazama suluhisho la swali naelewa kila hatua." Nimefundisha mekanika miaka mingi, na karibu wote walionijia na maneno hayo walikuwa wanafunzi wenye bidii. Kwa hiyo suala la bidii tuliweke kando. Bidii unayo. Tatizo liko mahali unapoitumia.

Kuelewa suluhisho la mtu na kulitoa mwenyewe ni kazi mbili tofauti kabisa. Unaposoma suluhisho, maamuzi magumu yote yameshafanywa na aliyeliandika. Ameshaamua ni kipande gani akitenge kutoka kwenye mashine nzima, nguvu zipi azichore na zipi aziache, momenti (uwezo wa nguvu kuzungusha kitu) azichukulie kwenye nukta ipi, aanze na mlinganyo upi. Kilichobaki ni aljebra, na aljebra unaiweza. Ndiyo maana unaitikia mstari hadi mstari mpaka mwisho, na unafunga kitabu ukiwa na amani. Kisha mtihani unakupa karatasi nyeupe na kukutaka ufanye maamuzi yale yale ambayo muhula mzima ulifanyiwa na wengine. Jiulize kwa unyofu: tangu muhula ule uanze, ni mara ngapi ulichora mchoro wa nguvu, yaani kipande kimoja na mishale ya nguvu zote zinazokigusa, wewe mwenyewe, kitabu kikiwa kimefungwa, ukafika mwisho au ukakwama? Nadhani ni mara chache mno.

Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambalo huwa nalisimulia kila mwaka darasani. Wanafunzi walipewa kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne. Kundi lingine lilikisoma katika kipindi kimoja tu, kisha vipindi vitatu vilivyofuata likajaribu kuandika yote linayoyakumbuka bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 83 na waliojipima asilimia 71. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliosoma mara nne walikuwa wamebaki na asilimia 40, na waliojipima walikuwa na 61. Zitazame namba hizo kwa makini, kwa sababu zinaeleza kilichokupata. Wewe unajipima wakati gani? Unajipima dakika tano baada ya kusoma, yaani palepale ambapo njia dhaifu inaonekana bora. Tena wale wa asilimia 40 ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba wangekumbuka.

Ushauri wangu wote kwako, wa kusoma na wa kundi, unatoka kwenye jambo moja: panga siku zako ili kosa lako lijitokeze mapema, likiwa bado dogo. Kusoma suluhisho kunalificha kosa. Notsi safi zinalificha. Kukesha kunalificha hadi saa tatu asubuhi, karatasi ikishagawiwa.

Sikwambii utupe mifano iliyotatuliwa. Kwa anayeanza mada, mfano mzuri ni msaada mkubwa. Mwanasaikolojia wa elimu John Sweller na wenzake walilionyesha hilo katika miaka ya 1980: mwanafunzi mgeni wa mada anayetupwa kwenye maswali peke yake hutumia akili yake yote kupapasa, na habakiwi na nafasi ya kuuona mpangilio wa kazi. Soma mfano mmoja, basi, polepole, na kila mstari uuulize kwa nini umekuja hapo na si mwingine. Kisha ufunike. Chukua karatasi nyeupe uanze mwanzo. Ukikwama, funua mstari mmoja tu, uweke alama ya kalamu nyekundu pale ulipokwama, ufunike tena. Alama hizo nyekundu zina thamani kuliko notsi zako zote, na nitarudi kwazo.

Halafu libadilishe swali. Hapa ndipo wengi hawafiki, na hapa ndipo uhandisi ulipo. Chukua boriti ya mita 4 iliyoegemezwa miisho yote miwili, na mzigo wa kilonyutoni 10 (kilonyutoni ni kipimo cha nguvu) katikati, uzito wa boriti yenyewe tukiuacha. Mfano utakuonyesha kwamba kila egemeo linabeba kilonyutoni 5, na momenti kubwa kabisa ya kupinda, pale katikati, ni kilonyutoni-mita 10. Vizuri. Sasa sogeza mzigo mpaka uwe mita 1 kutoka egemeo la kushoto. Kabla hujagusa kikokotoo, andika utabiri wako kwa wino: egemeo lipi litabeba zaidi, na momenti kubwa itaongezeka au itapungua? Ndipo ukokotoe. Utapata 7.5 kushoto na 2.5 kulia, jumla ileile ya 10, na momenti kubwa, iliyo chini ya mzigo, imeshuka hadi 7.5. Urudishe mzigo katikati, kisha boriti uirefushe iwe mita 8. Momenti inakuwa mara mbili, 20. Na kule kubonyea kwake katikati? Karibu darasa zima hunijibu mara mbili pia. Ni mara 8, kwa kuwa urefu umo kwenye fomula kwa kipeo cha tatu: mbili mara mbili mara mbili. Swali moja limekuzalia matatu, na hilo la mwisho ukilikosea leo kwa wino wako mwenyewe hutalisahau. Siku moja mtu atakuja kukuambia "tuirefushe kidogo tu, ni boriti ileile", na utajua cha kumjibu.

Jambo lingine linalokuponza ni mpangilio wa kitabu chenyewe. Maswali yaliyo mwisho wa sura ya msuguano yote ni ya msuguano. Kichwa cha sura kimeshakunong'oneza fomula, wewe unatafuta tu namba za kutia. Ukimaliza maswali kumi ya namna hiyo unajiona bingwa, ilhali hujafanya hata mara moja kazi ya kutambua kwamba hili ni la msuguano. Watafiti Doug Rohrer na Kelli Taylor walilipima hili, wakachapisha mwaka 2007. Wanafunzi wa chuo walijifunza kukokotoa ujazo wa maumbo kadhaa. Waliofanya mazoezi umbo moja moja walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi. Waliochanganyiwa maumbo yote walipata 60. Wiki moja baadaye, kwenye mtihani, wa kwanza walipata asilimia 20 na wa pili 63. Kwa hiyo kata maswali ya sura nne tofauti, yatie kwenye bahasha, uchomoe bila kuchagua. Itakuudhi, na utakosea zaidi ya ulivyozoea. Vumilia, kwa sababu kosa hilo ndilo ulilolifuata.

Kuhusu ratiba nitasema machache. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi hupungua. Basi jioni ya siku ya mhadhara kaa dakika 20, karatasi nyeupe, uandike unachokumbuka, ndipo ufungue notsi ujaze mapengo. Rudia baada ya siku mbili, rudia baada ya wiki. Ripoti ya maabara ianze siku hiyohiyo, maana grafu utaichora hata baada ya siku kumi, lakini kwamba sindano ya mita ilikuwa inatetemeka ulipofika kipimo cha sita, hilo litakuwa limepotea. Na usiku wa kuamkia mtihani lala. Usingizi ndio muda ambao ubongo unayapanga na kuyakaza uliyojifunza mchana. Ukiukata, unaipoteza sehemu ya kazi uliyokwisha kuifanya.

Sasa zile alama nyekundu. Nunua daftari dogo, liite daftari la makosa. Kila unapokwama au unapokosea, andika mistari mitatu: swali lilitaka nini, nilifanya nini, na nini kingenistua mapema. Huu mstari wa tatu ndio muhimu. "Nilikosea kwa uzembe" haufai, hauna cha kukufundisha. "Ningeangalia yuniti ningeona nimepata nyutoni pale ninapotafuta nyutoni-mita" unafaa. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeamini kwamba mekanika nzima inamshinda. Alishika daftari hilo kwa mwezi mmoja, tukakaa tukahesabu pamoja. Zaidi ya nusu ya makosa yake yalikuwa kosa moja: kila boriti iliyopachikwa ukutani, alichora nguvu za egemeo akasahau momenti ya egemeo. Kosa moja tu, ila lilikuwa linajitokeza kwa sura ishirini. Hakuhitaji kurudia kozi nzima. Alihitaji kujizoeza kuuliza, kila aonapo egemeo, "hili linazuia nini: kwenda pembeni, kwenda juu, au kuzunguka?" Bila daftari asingejua, nami nisingejua, maana mimi nilikuwa naona alama zake tu.

Sidhani utahitaji miezi kulijua kosa lako kubwa. Wiki mbili za kuandika kwa uaminifu zinatosha.

Tuje kwenye kundi. Umeandika neno hilo kana kwamba ni kitu kimoja, nami ningependa ulitenganishe. Kuna kundi la kusoma, ambalo lengo lake ni kila mmoja atoke anajua zaidi. Kuna kundi la mradi, ambalo lengo lake ni kitu kimoja kikamilike. Sheria za moja haziwezi kuliongoza lingine. Katika kundi la mradi ni sawa mtu mmoja akakokotoa gia na mwingine asiziguse. Katika kundi la kusoma, kugawana maswali ("wewe fanya la kwanza na la pili, mimi la tatu na la nne, kisha tubadilishane") ni kuibiana elimu kwa hiari, na kila mmoja anarudi kwake na masuluhisho mazuri ya wenzake ambayo anayaelewa kila hatua. Unaona tumerudi palepale.

Kundi la kusoma hukulitaja, nahisi huna. Lianzishe wiki hii. Katika miaka ya 1970, mwanahisabati Uri Treisman, akiwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi weusi walikuwa wakifeli kalkulasi wakati wenzao wenye asili ya China walikuwa wakifanya vizuri. Aliwafuata walikoishi na kuwaangalia wakisoma. Uvivu hakuukuta. Wale waliokuwa wakifeli walisoma kwa bidii, lakini peke yao, na mtu akikwama hakuwa na njia ya kujua kama swali ni gumu kwa wote au ni yeye tu. Wale wengine walifanya kazi kila mtu kivyake kwanza, kisha wakakutana, wakalinganisha majibu, wakasahihishana na kuulizana maswali ya mitihani ya miaka iliyopita. Treisman akaanzisha warsha za maswali magumu yanayofanywa kwa makundi, na matokeo ya waliohudhuria yakapanda sana. Nikisoma barua yako nawaona wale wa kwanza. Unafanya kazi nyingi, na unaifanya upwekeni.

Watatu au wanne wanatosha. Kanuni nitakupa mbili tu. Ya kwanza: hakuna kukaa kama huna karatasi ya jaribio lako, hata kama jaribio lenyewe limekufa mstari wa pili. Asiyekuja na jaribio anakuja kutazama suluhisho, na hilo anaweza kulifanya kwenye kitabu. Ya pili: anayejua hashiki kalamu. Anayeshika kalamu ubaoni ni yule aliyekwama, na anayejua anaruhusiwa kuuliza maswali tu. "Umechora nguvu zote?" "Kwa nini momenti umeichukulia hapo?" Mwanzoni kanuni hii inachosha, na anayejua atatamani kunyakua kalamu. Asinyakue. Aliyekwama anafanya maamuzi kwa mkono wake, na anayejua anagundua mahali ambapo maelezo yake mwenyewe yana tundu. Nimejifunza mekanika zaidi kwa maswali ya namna hiyo kuliko kwa mihadhara niliyohudhuria.

Kundi la mradi ni habari ndefu zaidi. Tumelelewa na methali ya umoja ni nguvu, nami naiamini, lakini mhandisi hupima. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alifanya majaribio ya watu kuvuta kamba mwishoni mwa karne ya 19 na kuyachapisha mwaka 1913. Watu wanane wakivuta pamoja walitoa takriban nusu tu ya jumla ya nguvu ambayo wangetoa kila mmoja akivuta peke yake. Nguvu hiyo ilipotelea wapi? Sehemu ilipotea kwa sababu hawakuvuta wote kwa sekunde ileile na upande uleule. Sehemu ilipotea kwa sababu kila mmoja alilegeza mkono kidogo. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Bibb Latané na wenzake walithibitisha huko kulegeza: watu walioamini kwamba wanapiga kelele pamoja na wenzao walipunguza sauti, hata pale ambapo kwa kweli walikuwa wanapiga peke yao. Lakini walipofanya jaribio jingine ambalo kila mtu alijua kwamba sauti yake inapimwa kivyake, kulegeza kule kukatoweka.

Kwa hiyo kundi linavuja mahali pawili, kwenye uratibu na kwenye juhudi. Barua yako ina yote mawili: vipande havikuingiana, na wawili hawakuonekana. Watu hulalamikia la pili. Mimi naogopa zaidi la kwanza, kwa sababu ndilo linaloua.

Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli moja mjini Kansas City, Marekani, njia mbili za juu za watembea kwa miguu, moja ikiwa imening'inia chini ya nyingine, zilianguka juu ya watu waliokuwa ukumbini. Watu 114 walikufa. Katika mchoro wa kwanza, fimbo ndefu za chuma zilitoka darini, zikapita kwenye boriti za njia ya juu na kuendelea hadi ya chini, kwa hiyo kila njia iliibebesha fimbo uzito wake yenyewe. Wakati wa kutengeneza vyuma, kila fimbo ndefu ilibadilishwa ikawa fupi mbili: moja kutoka darini hadi njia ya juu, nyingine kutoka njia ya juu hadi ya chini. Kwenye karatasi inaonekana ni urahisi tu wa utengenezaji. Chora mchoro wa nguvu wa ile boriti ya juu, fanya sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Umeona? Nati iliyo chini ya boriti ya njia ya juu sasa inabeba njia mbili badala ya moja. Mzigo umekuwa maradufu, na badiliko lilipita bila mtu kukokotoa upya kiungo hicho. Hesabu yake ni ya mwaka wa kwanza. Ilikosa mtu ambaye jina lake limeandikwa pembeni ya kiungo hicho, mtu wa kuulizwa.

Chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kilichopotea kwenye sayari ya Mars mwezi Septemba 1999 kiliponzwa na kitu cha aina hiyohiyo: timu moja ilitoa namba kwa yuniti za pauni, timu nyingine ikazipokea kana kwamba ni nyutoni, tofauti ya mara 4.45 hivi. Ndani ya kila timu watu walikuwa hodari. Kosa lilikaa katikati yao.

Nami nililijua kwa mkono wangu. Nikiwa mwanafunzi tulitengeneza kifaa cha kujaribia pampu. Nilichora shafti, ule mhimili unaozunguka, ya milimita 17, nikampa mchoro mwenzangu wa fremu, kisha nikafanya hesabu upya nikaona inahitaji milimita 20, nikabadilisha mchoro wangu. Sikumwambia. Siku ya kuunganisha, beringi alizonunua, zile pete za kuishikilia shafti ikizunguka, hazikupita kwenye shafti, na fedha za kundi zilikuwa zimekwisha. Alikuwa amefanya kazi yake sawasawa. Hadi leo nakumbuka alivyoishika ile beringi mkononi, akanitazama bila kusema neno.

Basi mnapogawana mradi, msigawane vipande tu, gawaneni na maungio. Pale shafti inapoingia kwenye beringi, pale waya wa sensa unapoingia kwenye saketi, pale jibu la hesabu za mmoja linapokuwa mwanzo wa hesabu za mwingine, pana jina la mtu. Yeye ndiye anayetunza namba ya pale: kipenyo, volteji, yuniti. Atakayetaka kuibadilisha anapitia kwake. Watano mna njia kumi za mawasiliano kati ya mtu na mtu. Mkisema tu "tutaambiana", baadhi ya hizo kumi zitabaki kimya, na hamtajua ni zipi. Na unganisheni mapema mno kuliko mnavyofikiri inafaa. Wiki ya tatu, kwa kadibodi na mkanda, na namba za kukisia. Maungio mabaya yajionyeshe wakati kisu na gundi vinatosha kuyarekebisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyinyi ukuta mlijengea siku ya kuwasilisha.

Kila hesabu muhimu ikokotolewe na watu wawili, kila mtu na karatasi yake, bila kuoneshana hadi mwisho. Siku hesabu hizo mbili zikitofautiana, furahini: kosa limejitokeza mapema.

Sasa wale wawili wasioonekana. Niruhusu nikuulize jambo ambalo huenda likakuuma: walipochelewa mara ya kwanza, ulifanya nini? Mara nyingi mwenye bidii huchukua kazi yao usiku uleule, aikamilishe, na asubuhi awe na hasira. Naelewa kwa nini. Alama ni zako pia. Lakini ulichowafundisha usiku ule ni kwamba mchango wao hauhitajiki, na kwa mujibu wa ile kamba, ukawapa sababu ya kulegeza. Tena si kila asiyeonekana ni mdoezi. Nimewahi kukaa na wengi wa aina hiyo ofisini kwangu, mmoja mmoja, na nilichokikuta mara nyingi ni mtu aliyepewa kipande asichojua aanzie wapi, akaona aibu kuuliza, siku zikapita, aibu ikakua, akaacha kupokea simu. Wadoezi wa kweli wapo, ila ni wachache kuliko unavyodhani.

Kwa kuwa mmepangwa tena pamoja, anzeni kwa karatasi moja, kikao cha kwanza, kila mtu atie sahihi: tunakutana lini, nani ana kipande gani na ungio gani, kipande kidogo cha kwanza kiwe tayari lini, na mtu akikwama anamwambia nani ndani ya saa ngapi. Vipande vya kwanza viwe vidogo sana, vya siku tatu, ili kukwama kuonekane siku ya tatu na si wiki ya kumi. Kikao cha kila wiki kisizidi nusu saa, na kila mtu aonyeshe kitu kwa macho: mchoro, hesabu, picha ya maabara. "Naendelea vizuri" isikubaliwe kuwa ni jibu. Kuonyesha huko ndiko kama ile sauti ya kila mtu kupimwa kivyake.

Mkae kwa zamu ya kuzungumza. Mwaka 2010 mtafiti Anita Woolley na wenzake walichapisha matokeo ya kupima makundi mengi kwa kazi za aina tofauti. Makundi yaliyofanya vizuri hayakutambulika hasa kwa kuwa na mtu mwenye akili kuliko wote. Yalitambulika zaidi kwa watu wake kugawana zamu za kuongea na kusomana hisia. Wewe uliyefanya nusu ya kazi, huenda pia uliongea nusu ya muda. Jaribu kikao kimoja uwe wa mwisho kusema.

Mtu akichelewa, mfuate peke yake, siku hiyohiyo, na uzungumzie kitu, si tabia yake. "Ndugu yangu, mchoro wa fremu tuliutarajia Jumanne, leo Alhamisi. Umekwama wapi? Nina nusu saa, tukae." Hapo unamsaidia kuanza, humfanyii. Akirudia, kikao kizima kizungumze, ile karatasi ikiwa mezani. Akiendelea, mwende kwa mhadhiri mkiwa na tarehe na kazi, wakati muda wa kurekebisha bado upo. Kesi ikinifikia wiki ya kuwasilisha, siwezi kufanya chochote ila kugawa alama. Ikinifikia wiki ya nne, naweza kuliokoa kundi na naweza kumwokoa mtu huyo.

Umeuliza mwisho kama uhandisi si wako. Siwezi kukujibu, na wewe huwezi kujijibu bado, kwa sababu hujaujaribu. Ulichojaribu ni kutazama uhandisi wa wengine kwa bidii kubwa. Una wiki sita kabla ya mtihani wa marudio. Kesho jioni chagua swali moja ulilolikosa kwenye mtihani uliofeli, moja tu, notsi zikiwa chumba kingine. Chora kipande ulichokitenga, chora nguvu zake zote, andika utabiri wa jibu kwa wino, kisha endelea mpaka ukwame. Ukikwama usifungue kitabu kwanza. Andika mstari uliokwamia, neno kwa neno, kwenye ukurasa wa kwanza wa lile daftari, kisha uniandikie mstari huo. Barua yako ya pili tutaanzia hapo.